Siku moja tu nje ya Prague, je Olomouc inafaa kwenda na kurudi?

Mgeni_wa_Jiji
Wakuu habari za humu. Niko Prague, mji mkuu wa Cheki, kwa semina ya kazi, imeisha Ijumaa na ndege yangu ni Jumanne, kwa hiyo nina Jumapili na Jumatatu sina cha kufanya. Hapa mjini nimeshazunguka vya kutosha, daraja la Charles nimepita mara tatu na mara zote ni kubanana kama Kariakoo wiki ya Idi, tofauti ni kwamba huku kila mtu simu iko juu anajipiga picha. Nataka mji mwingine wa zamani, niondoke asubuhi nirudi usiku, usiwe ule ambao mabasi yote ya watalii yanaenda. Mtu wa mapokezi hotelini kanitajia Olomouc, hata kutamka sijui. Kuna aliyewahi kufika? Mbali kiasi gani, kuna cha kuona kweli au ndo nitashinda nala aiskrimu peke yangu kwenye benchi? Gari sikodi, bajeti ya kawaida tu.

BongoBrno
Mkuu huyo wa mapokezi kakupenda. Inatamkwa Olomouts, hiyo c ya mwisho wao ni ts. Mi niko Brno, mji mwingine wa huku Cheki, mwaka wa nne sasa na Olomouc nishaenda mara sijui ngapi maana nina jamaa anasoma chuo pale, chuo chenyewe cha tangu 1573, na mji ni wa watu kama laki moja tu, yani wanafunzi ndo wameujaza, kwa hiyo msosi na kahawa bei zake za kibinadamu sio kama hapo ulipo.

Treni za moja kwa moja zipo nyingi kutoka stesheni kuu ya Prague, kama kilometa 250, masaa mawili na robo hivi. Kampuni zaidi ya moja zinapiga hiyo njia na zinagombania abiria, kwa hiyo kata tiketi mapema mtandaoni. Sasa sikiliza hapa maana ndo wageni wanapopotea: kwenye ubao usitafute neno Olomouc kwa herufi kubwa, nyingi zinaendelea mbele mpaka Ostrava na nyingine zinavuka kabisa Slovakia, linaloandikwa kubwa ni mwisho wa safari. Shika namba ya treni iliyoko kwenye tiketi. Ubao wa kuangalia ni Odjezdy, ndo zinazoondoka, Příjezdy ni zinazoingia, mi siku ya kwanza nilisimama chini ya ubao wa zinazoingia nusu saa nzima nashangaa treni yangu haitajwi. Ukiona neno zpoždění pole, imechelewa.

Ukishuka, mji wa kale hauko pale pale stesheni, ni kama kilometa mbili, panda tramu au tembea.

Njoki254
Mimi ningekwambia Kutná Hora, ni kama saa moja tu kutoka Prague na kuna lile kanisa la mifupa pale Sedlec, mifupa ya watu zaidi ya elfu arobaini imepangwa mpaka ikawa taa ya kuning'inia. Mbona upoteze karibu masaa matano kwa treni kwenda na kurudi?

BongoBrno
Dada Njoki sikatai, Kutná Hora ni pazuri, ila kasema hataki mahali mabasi yote yanaenda. Pale kwenye mifupa siku niliyoenda mimi foleni ilianzia nje na picha tulikatazwa kupiga.

Njoki254
Hapo kwa foleni umeniweza 😂 lakini bado, masaa matano!

Mama_Wien
Naomba niingie kidogo. Mimi niko Vienna miaka mingi, Olomouc nilipeleka wageni wangu mara mbili, na mwanangu nikushauri jambo moja kubwa: panga siku yako kwa kufuata saa sita mchana. Kwenye uwanja mkubwa, wanauita Horní náměstí, ukutani kwa jumba la manispaa kuna saa kubwa ya nyota, yani inayoonyesha pia mwendo wa jua na mwezi, kama ile ya Prague, ila ya hapa iliharibiwa mwaka 1945 vita vikiisha, na walipoijenga upya mpaka 1955 nchi ilikuwa ya kikomunisti, basi badala ya mitume na watakatifu wakaweka wafanyakazi. Saa sita kamili sanamu zinaanza kuzunguka na jogoo anawika. Chini yake kuna picha ya vigae vidogo vidogo, upande mmoja fundi upande mwingine mkemia. Wenyeji wengine wanaionea aibu, wengine wanaipenda, mimi nilicheka halafu nikarudi kuitazama tena, maana watakatifu unawakuta kila ukuta wa Ulaya, lakini fundi na mkemia kwenye saa ya manispaa wapi utawaona?

Hapo hapo uwanjani ndipo ilipo nguzo ya Utatu Mtakatifu, mita 35, na chini ndani yake kuna kikanisa kadogo. Ilianza kujengwa 1716 ikaisha 1754. Fundi mawe aliyeianzisha, Václav Render, alifariki 1733 hajaiona imekamilika na mali yake akaiachia nguzo. UNESCO waliiingiza kwenye orodha yao mwaka 2000. Miaka minne tu baada ya kumalizika jeshi la Prussia, dola la Wajerumani la wakati huo, likauzingira mji na kuupiga mizinga, ukiangalia vizuri utaona tufe la dhahabu limebandikwa kwenye nguzo, ni kumbukumbu ya hayo.

Halafu tembea mpaka kanisa kuu la Mtakatifu Wenceslas, mnara wake mrefu unafika kama mita mia. Jirani yake kuna makumbusho ya jimbo kuu, na hapo ndipo nywele zilinisimama. Nyumba hiyo hiyo mwaka 1306 mfalme wa huku, Wenceslas wa Tatu, kijana wa miaka 16, alichomwa kisu akafa, na ukoo wake wa kifalme kwa upande wa wanaume ukaishia hapo, aliyemuua hajulikani mpaka leo. Nyumba hiyo hiyo tena mwaka 1767 wakamkaribisha Mozart, yule mtunzi maarufu wa muziki, akiwa mtoto wa miaka 11, wazazi wake wamekimbia ndui Vienna na yeye akaugua ndui hapo hapo Olomouc. Akapona, na simfonia yake ya sita akaimalizia huko.

Kiti_Cha_Dirishani
Mama kamaliza kila kitu. Mi naongeza moja, usiende Jumatatu, makumbusho mengi Cheki yanafungwa siku hiyo, mi nilisafiri nikakuta mlango umefungwa nikaishia kuangalia chemchemi. Na chemchemi zenyewe sio haba, sita za zamani, Neptune, Jupiter, Hercules na wenzake wa hadithi za kale za Kirumi, hata Julius Caesar, yule mtawala wa Roma, yupo juu ya farasi maana hadithi yao inasema yeye ndo aliuanzisha mji. Ya saba ni ya juzi juzi 2002, ya Arion, ina kobe wa shaba na watoto wanampanda kama pikipiki.

Kwa mtazamo wangu masaa sita pale yanatosha, ukikaa zaidi utaanza kurudia mitaa.

BongoBrno
Masaa sita yanatosha kwa asiyekunywa bia mkuu 😂 Alafu jamani hakuna aliyemwambia habari ya tvarůžky! Ni jibini ya huko, inatengenezwa Loštice sio mbali na hapo, vidude vya duara rangi ya njano, harufu yake... mtu wa pwani ataelewa nikisema papa mkavu. Kula pale pale na mkate na kitunguu. USIBEBE.

Mgeni_wa_Jiji
Mrejesho kama nilivyoahidiwa na nafsi yangu. Nimeenda jana Jumapili, treni ya saa mbili asubuhi, kwenye ubao imeandikwa Ostrava kweli, bila BongoBrno ningebaki nimesimama. Saa nne na nusu niko uwanjani, ibada imeisha kengele zinalia, watu wazima wametoka wamevaa vizuri wanatembea taratibu, hakuna aliyeniuzia kitu wala kunisukuma, nikajisikia kama nimemtembelea mtu kwake. Saa sita jogoo kawika, sauti yake kama ana mafua, tulikuwa watu kama thelathini na mtoto mmoja akapiga makofi. Ile nyumba ya mfalme na Mozart nimeingia, Mama Wien shikamoo, nimekaa mle kuliko nilivyopanga mpaka Caesar nikamwona kwa kukimbia.

Dada Njoki hayo masaa matano nililala yote.

Sasa kosa langu: nimebeba jibini. Paketi mbili, nikafunga mifuko mitatu ya plastiki, mpaka tunafika Pardubice, stesheni ya njiani, jirani yangu kahama kiti, na sasa hivi iko kwenye friji ndogo ya hotelini na chumba kizima kinanuka. Ndege ni kesho. Nani yuko Prague aje achukue?

BongoBrno
Si nilisema usibebe kwa herufi kubwa kabisa. Fungua dirisha, nunua mkate, nakuja na treni ya jioni.