Naombeni ushauri: Zhuangzi, "hili" na "lile"

Habari zenu ndugu zangu. Nimekwama kwenye sura ya 2 ya Zhuangzi, kitabu cha kale cha mwanafalsafa wa Kichina wa jina hilohilo, pale "hili" na "lile" vinapozaana, na mwenye hekima anasimama kwenye bawaba ya Dao (yaani Njia), katikati ya duara, akiitikia yote. Kwa akili naelewa. Lakini mdogo wangu alipodhulumiwa mshahara wake, moyo ulikataa kabisa kwamba haki na dhuluma ni mamoja, na sioni kama ulikosea.

Nimejaribu pia kutafakari kwa zuowang, kule kukaa na kusahau kwa sura ya 6, kila alfajiri kwa miezi miwili. Naishia kupigana na mawazo, yaani mimi huku, yenyewe kule!

Je, Zhuangzi anafuta tofauti zenyewe, au anatukataza kuzing'ang'ania? Na wenzangu mnaokaa, mnayaachaje mawazo bila kuyafukuza?