Binti mwenye GPA ya 3.2 anayetaka udaktari Marekani: jina la chuo au ufadhili?

Mwanzisha mada (Texas):
Ndugu zangu, binti yetu anamaliza sekondari akiwa na GPA (wastani wa alama) ya 3.2 kati ya 4, na tangu akiwa mdogo hajataja kazi nyingine ila udaktari, ambao huku husomewa baada ya shahada ya kwanza ya miaka minne. Amekubaliwa na chuo kikuu kikubwa cha jimbo jirani, chenye jina, ambako itatubidi tukope karibu kila kitu, na amekubaliwa pia na chuo kidogo kilichompa ufadhili unaozidi nusu ya gharama. Baba yake anashikilia jina, kwa hoja kwamba wanaochagua wanafunzi wa udaktari hutazama kwanza mtu ametoka wapi. Mimi nafsi yangu haijatulia. Naomba mawazo ya waliokwisha kulea watoto katika njia hii.

Mzazi wa Houston:
Dada, msikilize mzee. Nchi hii inaheshimu majina, na mtoto wa mhamiaji anahitaji jina kuliko mtoto wa mwenyeji, kwa sababu hana mjomba wa kumshika mkono. Tuambiane ukweli pia: kwa 3.2, chuo kikubwa kitampima mapema. Akishindwa, atageukia uuguzi kama watoto wetu wengi walioshindwa udaktari, na hilo ni afadhali kuliko kumaliza miaka minne katika chuo ambacho hata mtaa wa pili hakijulikani.

Muuguzi wa Minneapolis:
Nilikusudia kuchangia kuhusu vyuo, lakini sentensi ya ndugu yetu wa Houston siwezi kuiruka. Uuguzi si kapu la walioshindwa. Nimesomea anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia, nimefanya mafunzo ya wodini, nimefanya mtihani wa leseni ya uuguzi, NCLEX, na usiku wa kuamkia leo nimemgeuza mgonjwa mmoja kila baada ya saa mbili ili ngozi ya mgongo wake isichubuke, huku nikimpigia daktari wa zamu kumweleza kwamba kipimo cha dawa alichoandika hakiendani na hali ya figo za mgonjwa huyo. Daktari akakibadilisha. Wazazi wanaowaambia mabinti zao kwamba hiyo ni kazi ya kuangukia wanawaumiza mara mbili: binti anaidharau kazi, kisha akiifanya anajidharau yeye mwenyewe.

Hata kwa hesabu tu, shauri hilo halisimami. Mtaala wa kawaida wa shahada ya uuguzi hauna kemia ogania kamili wala fizikia ambazo shule nyingi za udaktari huzidai, kwa hiyo kuhama kutoka huku kwenda kule, au kinyume chake, si kuvuka barabara. Ni kuanza masomo mengine.

Mzazi wa Houston:
Mke wangu ni muuguzi wa miaka mingi, na nyumba yetu imejengwa kwa mshahara wake, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba nawadharau wauguzi. Nimesema hadharani yale ambayo wazazi husemezana kila siku misibani na harusini. Mmedaka neno moja mkaiacha hoja ya jina la chuo, ambayo mpaka sasa hakuna aliyeijibu.

Msomaji wa Dar es Salaam:
Mwenzenu naona kama mnajitesa. Huku kwetu mtoto aliyefanya vizuri PCB (fizikia, kemia na biolojia) kidato cha sita anaingia MD, yaani shahada ya udaktari, moja kwa moja na kusoma miaka mitano, bila hiyo shahada ya kwanza ya miaka minne. Kwa nini asirudi nyumbani?

Mshauri wa masomo (Ohio):
Ndugu wa Dar es Salaam, binti huyu hana kidato cha sita, na hata akikubaliwa huko akamaliza, akitaka kufanya kazi Marekani atalazimika kupata cheti cha ECFMG, shirika linalothibitisha madaktari waliosomea nje, kufaulu mitihani ya leseni ya udaktari, USMLE, kisha kugombea nafasi ya mafunzo ya hospitalini. Wapo waliofika kwa njia hiyo, ila si njia fupi.

Sasa nimjibu ndugu wa Houston kuhusu jina, maana kuwashauri wanafunzi ndiyo kazi yangu ya kila siku. Hiyo 3.2 ya sekondari shule za udaktari hazitaitazama. Zinatazama alama za chuo, mtihani wa kuingilia udaktari, MCAT, barua za walimu na muda ambao mwombaji amekaa karibu na wagonjwa. Binti anaanza hesabu mpya siku ya kwanza ya chuo, na hatari iko hapo hapo, kwa kuwa wastani wa GPA wa wanaoingia shule za MD unakaribia 3.8, na mfumo wa maombi wa AMCAS huhesabu kila alama ya chuo, pamoja na ya somo lililorudiwa. Aliyepata C katika kemia ya mwaka wa kwanza, akarudia akapata A, zote mbili zinaingia kwenye hesabu. Katika chuo kikubwa somo hilo linaweza kuwa na wanafunzi mia tatu ukumbini, na mtoto mwenye msingi dhaifu wa hisabati huweza kuzama kabla mwalimu hajaijua sura yake.

Kwa hiyo jina lina uzito wake, lakini alama mbovu kutoka chuo chenye jina hubaki kuwa alama mbovu. Xavier ya Louisiana, kule New Orleans, ni chuo kidogo cha Kikatoliki, na kwa miaka mingi kimetajwa mbele ya vyuo vikubwa kwa idadi ya wahitimu wake weusi wanaoendelea hadi kuwa madaktari.

Hata hivyo udogo peke yake si sifa. Vyuo vingine hutangaza kwamba karibu waombaji wao wote wa udaktari hukubaliwa, na mara nyingi hicho ni kilemba cha ukoka, kwa sababu kamati ya chuo imekwisha kuwanyima barua ya mapendekezo wale wenye alama za wasiwasi, nao hawahesabiwi. Mama, ukifika pale usiulize wangapi walikubaliwa. Uliza wangapi walianza mwaka wa kwanza wakiutaka udaktari, wangapi walifika hatua ya kuomba, na kamati humnyima nani barua.

Mzazi wa Houston:
Hapo umejibu hoja, na nakushukuru. Bado nasema mtoto akiwekwa mahali pepesi atazoea wepesi, na MCAT haitamhurumia.

Mwanafunzi wa osteopathi (Michigan):
Shikamoo wakubwa. Mimi niliingia shule ya DO, yaani udaktari wa osteopathi, ambako wastani wa alama za wanaoingia uko chini kidogo ya ule wa MD, na leseni tutakayopewa inaturuhusu kutibu vilevile. Tangu 2020 sisi na wa MD tunagombea nafasi za mafunzo katika mfumo mmoja. Nashangaa wazee mmejadili uuguzi ukurasa mzima bila kuitaja njia hii.

Kuhusu mkopo, kwa wanaoanza kukopa kuanzia Julai 2026, mkopo wa serikali kuu kwa shule za udaktari una ukomo wa dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Mtu hujikuna ajipatapo. Familia inayomaliza uwezo wake wa kukopa kwenye shahada ya kwanza itafika mlango wa shule ya udaktari mikono mitupu.

Mwanzisha mada (Texas):
Nimemsomea baba yake sehemu ya mikopo, akanyamaza, kisha akaomba barua ya ufadhili aisome mwenyewe. Binti naye amesoma maneno ya dada wa Minneapolis, na sasa anauliza kama asomee cheti cha uuguzi msaidizi ili awe karibu na wagonjwa. Je, hilo halitamharibia alama?

Muuguzi wa Minneapolis:
Mwambie asome kiangazi hiki, kabla chuo hakijafunguliwa. Sheria ya serikali kuu inadai angalau saa 75 za mafunzo, na majimbo mengine huongeza. Muhula wa kwanza asifanye kazi kabisa. Baada ya hapo achukue zamu moja ya mchana mwishoni mwa wiki, na zamu ya usiku inayofuatwa na maabara ya asubuhi aikatae, hata msimamizi akimbembeleza namna gani.