Faili halisi za Hubble ni kijivu tupu, sasa zile rangi zinatoka wapi?

MtazamaNyota

Wakuu habari za muda huu. Naomba msaada kwa wenye uelewa na mambo ya anga. Zile Nguzo za Uumbaji kwenye nebula ya Tai, M16, yaani wingu la gesi na vumbi angani, nazipenda tangu siku ya kwanza nimeziona, nguzo tatu za vumbi la kahawia zimesimama kwenye mwanga wa kijani na bluu. Sasa juzi nikagundua kumbe data za Hubble, ile darubini ya angani, ziko wazi kwa yeyote kwenye hifadhi ya mtandaoni ya MAST, hulipi chochote, nikaingia nikatafuta M16 nikashusha faili za mwaka 2014 nikazifungua kwa programu ya DS9, na kiukweli nilichokiona kiliniumiza. Karibu picha nzima ni giza, vidoti vya nyota tu. Rangi hamna. Afu kuna mikwaruzo midogo midogo imejaa kila mahali, mingine doti, mingine mistari mifupi, utadhani mtu kakwaruza kioo kwa msumari.

Kwa hiyo nauliza, zile rangi wanazitunga? Na kama rangi ni ya kupachika, wanajuaje kwamba kidoti fulani ni galaksi ya chini ya miaka milioni 300 baada ya Mlipuko Mkuu ulioanzisha ulimwengu? Na mtu asiye na darubini wala digrii ya fizikia anaweza kufanya cha maana na hizi data, au sisi ni wa kuangalia tu?

Filta502

Mkuu usivunjike moyo, ulichofungua ndo kitu chenyewe, umeshika data ileile anayoshika mtaalamu.

Tuanze na rangi. Hamna kamera inayoona rangi, hata ya simu yako, kamera inahesabu fotoni, yaani vichembe vya mwanga, basi. Ya simu inatoa rangi kwa sababu juu ya kila pikseli kuna kichujio kidogo chekundu, kijani au bluu. Hubble yenyewe inaweka filta moja mbele ya kamera nzima, inapiga, inabadilisha, inapiga tena. Angalia majina ya filta kwenye faili zako, utakuta F502N, F657N na F673N. Hizo namba ni urefu wa wimbi kwa nanomita. 502 inakamata mwanga wa oksijeni iliyonyang'anywa elektroni mbili, 657 ni haidrojeni, 673 ni salfa. Wakija kuunganisha, wimbi fupi wanalipatia rangi ya bluu, la katikati kijani, refu nyekundu. Mpangilio ni uleule wa upinde wa mvua, hawajachagua ovyo.

Kilichobadilika ni hiki: haidrojeni na salfa zote mbili kwa jicho ni nyekundu, kwa hiyo ukisema uzioneshe kama zilivyo, zinayeyuka kuwa kitu kimoja na hujui ipi iko wapi. Ndo maana haidrojeni ikapewa kijani. Rangi pale ni ramani, inakwambia gesi gani imekaa wapi.

Mikwaruzo ni miale ya kosmiki, chembe zenye chaji zinazopiga moja kwa moja kwenye kihisi cha kamera. Hubble iko nje ya hewa ya Dunia kwa hiyo inazipata nyingi. Dawa yake ni kupiga picha kadhaa za sehemu ileile huku darubini inasogezwa kidogo, kilichoonekana kwenye picha moja tu kinatupwa, kilichobaki kwenye zote ni cha angani kweli. Wewe nahisi umeshusha zinazoishia flc au flt, ambazo ni picha mojamoja. Rudi uchukue zinazoishia drc au drz, hizo zimeshaunganishwa. Na giza lako litaondoka ukienda kwenye menyu ya Scale ukaweka Log, maana nyota ni angavu mno ukilinganisha na gesi, ukiacha kawaida zinameza kila kitu.

MdadisiHuru

Mimi hapa natofautiana kidogo na Filta502. Maelezo ni sahihi ila kwa mtu wa kawaida anayeona ile picha akadhani angekuwa ndani ya chombo angeiona vile, huyo amepotoshwa hata kama hakuna aliyekusudia. Na za Webb ndo zaidi, ile darubini inakusanya mwanga kuanzia mikromita 0.6 mpaka 28, sehemu kubwa jicho la binadamu haliioni kabisa. Ningependa kila picha iandikwe juu yake filta gani imepewa rangi gani.

Filta502

Mdadisi uko sahihi na wanaotoa picha huwa wanaandika, kurasa rasmi za Hubble na Webb zina orodha ya filta na rangi zake. Shida inaanzia kwetu tunaosambaza, picha inakatwa, maelezo yanabaki nyuma, afu inazunguka hivyo miaka. Tuwe tunabeba na maelezo yake.

UpindeWaMvua

Hilo swali la kidoti naomba nilijibu mimi maana ndo sehemu naipenda kuliko zote. Umri wa galaksi hausomwi kwenye rangi ya picha, unasomwa kwenye spektra, yaani mwanga umepasuliwa ukapimwa kiasi chake kwenye kila urefu wa wimbi.

Chukua galaksi ya JADES-GS-z14-0, iliyotangazwa 2024. Haidrojeni iliyokuwa imetanda ulimwengu ule wa mwanzo inameza mwanga wote wenye wimbi fupi kuliko nanomita 121.6, kwa hiyo mwanga wa galaksi ya kale unakatika hapo ghafla kama umekatwa na panga. Sasa mwanga ukiwa safarini anga lenyewe linatanuka, wimbi linavutwa nalo, safari ikiwa ndefu zaidi linavutwa zaidi. Kwa hii galaksi ule mkato haupo tena 121.6, uko karibu na nanomita 1,850, umevutwa zaidi ya mara 15! Ukifungua picha za Webb za filta F150W mahali pale hamna kitu, giza. Fungua F200W, kidoti hicho hapo. Ukiviweka hivyo viwili pembeni kwa pembeni utaelewa kuliko mimi nikiandika ukurasa mzima.

Ila filta peke yake inaweza kukudanganya. Kuna galaksi inaitwa CEERS-93316, kwa picha tu walidhani mvutiko wake (wimbi limevutwa mara ngapi, ukitoa moja) uko karibu 16, ingekuwa ya mbali kuliko zote, spektra ilipokuja ikaonesha 4.9, yaani ni ya karibu zaidi, na wakasema wazi. Hii z14-0 spektra ya Webb ilitoa 14.32, afu mwaka 2025 antena za redio za ALMA kule Chile zikakamata mwanga wa oksijeni ndani yake na kurekebisha kuwa 14.18. Kifaa kingine kabisa, njia nyingine kabisa, jibu karibu lilelile. Mimi hapo ndo naamini.

MkiaMrefu

Mimi niko upande wa nyotamkia, na swali lako la mwisho jibu lake ni NDIO kabisa.

Tafuta picha za SOHO. Ni chombo kilichorushwa Desemba 1995 kuangalia Jua, kina kamera mbili, C2 na C3, zenye kisahani kinachoziba Jua ili mazingira yake yaonekane. Kimeshagundua nyotamkia zaidi ya 5,000, ya 5,000 ilitangazwa Machi 2024, na nyingi zimeonwa na watu wa kujitolea waliokaa na kompyuta zao wakipitia picha mojamoja. Nyingi ni vipande vya nyotamkia moja kubwa iliyovunjika zamani, kundi la Kreutz, vinashuka kuelekea Jua kwa njia zinazofanana, ndo maana mwenye uzoefu anajua kona ya kuangalia kwenye kila mwezi wa mwaka.

Ukianza, kumbuka mikwaruzo yako. Muale wa kosmiki unatokea kwenye picha moja na kupotea. Nyotamkia utaikuta kwenye picha zinazofuatana, imesogea kwa mstari uliotulia, mara nyingi ni kivumbi kidogo cha pikseli chache tu, mkia wala huuoni.

Na kwenye Hubble angalia za 3I/ATLAS, ile nyotamkia iliyokuja kutoka nje ya mfumo wetu wa Jua, iligunduliwa 1 Julai 2025, Hubble ikaipiga tarehe 21 mwezi huohuo. Nyota zote za nyuma zimekuwa mistari, sababu darubini ilikuwa inaifuata nyotamkia na sio nyota. Webb ilipoiangalia Agosti ikakuta gesi yake ya kabonidioksaidi ni nyingi kuliko mvuke wa maji, jambo ambalo kwa nyotamkia zetu sio la kawaida.

MtazamaNyota

Wakuu asanteni sana. Nimeshusha drc za filta zote tatu, nikaweka Log, nikazipanga pamoja nikawa nabadilisha moja baada ya nyingine. Kwenye F502N nguzo ni kivuli cheusi tu juu ya mwanga uliotanda. Nikienda F673N kingo zake zinawaka, hasa ncha ya ile nguzo ndefu, uzi mwembamba wa mwanga umeizunguka kabisa. Ile kijivu niliyoilalamikia sasa hivi siachi kuiangalia. Nimeanza na folda ya C3 ya SOHO pia, MkiaMrefu nikikwama nitakutafuta.

MkiaMrefu

Karibu mkuu. Anza na nyotamkia iliyokwisha kugunduliwa, chukua tarehe yake uitafute mwenyewe kwenye picha kabla ya kuwinda mpya, jicho litazoea.