Mteja anaongeza kazi katikati ya sprinti, bosi anakubali tu. Nifanyeje?

FundiMsimbo: Wakuu, heshima kwenu. Tupo maprograma wanne, tunajenga programu ya simu ya saccos moja hapa Dar. Sprinti zetu, yaani vipindi vya kazi tunavyopanga kwa lengo moja, ni za wiki 2, na lengo la hii ni moja: mwanachama akopeshwe bila kufika ofisini. Jana Jumatatu, siku ya 6 kati ya 10, mweka hazina wa saccos katuma ujumbe wa sauti WhatsApp usiku: wadhamini nao waidhinishe kwa simu, Ijumaa aonyeshe kwenye mkutano mkuu. Bosi kajibu "hamna shida" sisi tumelala. Sprinti iliyopita ilikuwa hivi hivi, tukamaliza tiketi (kazi ndogo ndogo) 5 kati ya 11. Nikigoma naonekana mkaidi.

DadaBodi: Pole mdogo wangu. Hebu niambie, mkopo wa hapo unatoka bila wadhamini?

FundiMsimbo: Hautoki dada. Lazima wasaini wawili, hata fomu ya karatasi ina nafasi zao.

DadaBodi: Sasa hilo ni ombi jipya au mlilisahau siku ya kupanga? Bila wadhamini lengo lenu halitimii. Mwongozo wa Skramu (utaratibu huu wa kufanya kazi kwa sprinti) wa 2020 unakataza mabadiliko yanayohatarisha lengo la sprinti, lakini ukubwa wa kazi mnaruhusiwa kuujadili upya na mwenye bidhaa (anayeamua kipi kijengwe, kwenu ni bosi) kadiri mnavyoelewa zaidi. Mfuate bosi na ubao wa tiketi mkononi, umuulize: wadhamini wakiingia, nini kinatoka? Asipotoa kitu, hapo mmeongezewa mzigo tu.

MzeeWaSeva: Na kazi yenyewe muipunguze. Kwa Ijumaa inatosha mdhamini apate SMS yenye kiungo, abonyeze nakubali au nakataa. Vikumbusho, mdhamini aliyebadili laini, hayo ya sprinti ijayo.

Mchokozi_TZ: Mnamlea huyo mteja. Sprinti ikivunjwa kila mara, hamieni Kanbani, kazi zinaingia moja moja bila sprinti, yaishe.

MzeeWaSeva: Au sprinti iwe ya wiki 1, mteja asubiri siku chache. Kanbani haitamzuia bosi kusema hamna shida.

FundiMsimbo: Mrejesho wakuu. Ripoti ya PDF na chati ya marejesho zimeondolewa kwenye sprinti, wadhamini wameingia kwa SMS. Bosi hakubisha, alikuwa hajui kama kuna kitu cha kutoa. Mweka hazina sasa anauliza kama SMS inaweza kuwa na nembo ya saccos. Nimeliandika kwenye bakilogi, orodha ya kazi zinazosubiri, chini kabisa.