Mafunzo ya siku mbili, fomu karibu zote "nzuri sana", lakini maziwa bado yanarudishwa. Nimekosea wapi?

DadaWaRasilimali (Rungwe)

Wakuu, salaam. Nina swali la kazi na nimepewa wiki mbili kulijibu kwa maandishi mbele ya mkurugenzi, kwa hiyo naombeni mnivumilie urefu.

Niko rasilimali watu kwenye kampuni ndogo ya kusindika maziwa huku Nyanda za Juu Kusini. Tuna vituo 14 vya kukusanyia. Alfajiri wafugaji wanaleta maziwa, mhudumu anapima kwa laktomita kuona kama yametiwa maji, anapima kwa alkoholi kuona kama yameanza kuchacha. Yakifaulu anamimina kwenye tangi la kupozea, yakifeli anamrudishia mwenyewe. Gari linapita kukusanya, kiwandani wanapima tena, na hapo ndipo aibu inapotukuta. Dumu moja bovu lililopita kituoni linakatisha tangi zima.

Mwezi wa pili tukakaa tukasema hili ni tatizo la elimu. Kuandaa nikapewa mimi. Nikatafuta mwezeshaji, ukumbi wa hoteli Tukuyu mjini, siku mbili, watu 34, posho, nauli, mabegi yenye nembo, vyeti. Jumla milioni 11 na ushee. Mada zilikuwa usafi, kemia ya maziwa, sheria, huduma kwa mteja na "kujitambua" (msicheke, mwezeshaji alisema inakuja na kifurushi). Jaribio la kuanzia wastani ulikuwa 48, la kumalizia 83. Fomu za tathmini 31 kati ya 34 zimewekwa vema kwenye "nzuri sana". Mmoja aliandika kuku walikuwa wadogo.

Sasa daftari la kiwandani. Januari tulikataliwa lita 2,900. Machi 2,750. Aprili 3,100.

Mkurugenzi ni mtu mzima, hakufoka. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hizo asilimia 83 ziko wapi kwenye maziwa?" Sina jibu. Nimekosea kwenye kupima au kwenye mafunzo yenyewe?

---

MwalimuWaJioni (Dodoma)

Dada, hujakosea peke yako, karibu kila ofisi nchini ingekuletea fomu kama hizo. Kuna Mmarekani, Donald Kirkpatrick, tangu 1959 aliandika kwamba mafunzo yanapimwa kwa ngazi nne: washiriki wameyapokeaje, wamejifunza nini, wanafanya nini tofauti wakirudi kazini, na shirika limepata nini. Wewe umepima ya kwanza kwa fomu na ya pili kwa jaribio, ukaruka ya tatu, ukaangukia ya nne kwenye daftari la kiwandani. Hapo katikati ndipo penye jibu lako. Je, kuna mtu yeyote aliyekwenda kituoni kuangalia wanavyopima baada ya semina?

Kosa la pili ni la kuandaa. Ulianza na mada. Ungeanza na daftari, ungejiuliza ni kitendo gani cha mhudumu kinachoingiza dumu bovu kwenye tangi, halafu ukafundisha hicho tu. "Kujitambua" ungeikuta haina pa kukaa.

Na hiyo 48 kwenda 83 isikupe moyo sana. Mtu akifanya jaribio saa tisa alasiri kwa mambo aliyofundishwa saa tano, anapima kumbukumbu ya mchana mmoja. Wape jaribio lilelile leo, bila kuwaambia mapema, uone.

---

FundiMaziwa (Tanga)

Mimi si mtu wa mafunzo, nimekaa kwenye maziwa miaka 19. Kabla hujaandika chochote, jibu haya.

Laktomita zenu zimetengenezwa kusoma sawasawa maziwa yakiwa nyuzi 20 za Selsiasi? Vituo vina kipimajoto? Maziwa yanayotoka kwenye kiwele alfajiri yana joto, na maziwa ya moto laktomita inazama zaidi, inasoma chini kama vile yametiwa maji. Kila nyuzi moja juu ya 20 unaongeza 0.2. Maziwa ya nyuzi 30 yakisoma 26, ukweli wake ni 28, ni mazima kabisa. Mhudumu asiye na kipimajoto atawakataa watu wasio na hatia, watamtukana, mwisho atakiacha hicho chombo kwenye kabati. Nimeona hayo kwa macho yangu zaidi ya mara moja.

Alkoholi nayo ina mambo yake. Ng'ombe aliyezaa juzi au mwenye ugonjwa wa kiwele, maziwa yake yanaweza kukatika (kufanya chembe chembe) kwenye alkoholi hata kama hayajachacha. Kiwandani hayafai vilevile, lakini mfugaji ukimwambia "yamechacha" atakuapia kwamba amekamua sasa hivi, na atakuwa anasema kweli.

---

KimaniWaMaziwa (Nakuru)

Salamu kutoka huku. Sisi Kenya kila mwajiri analipa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, zinaenda NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, na ukifanya mafunzo waliyoyaidhinisha unaweza kudai sehemu ya gharama. Faida niliyoiona mimi si hizo pesa. Ni kule kulazimishwa kuandika mapema unataka mfanyakazi aweze kufanya nini. Ukiandika "kuelewa ubora wa maziwa" ni maneno ya hewani. Andika "apime kila dumu kwa alkoholi kabla ya kumimina, hata foleni ikiwa ndefu."

Jambo lingine, usilinganishe Januari na Aprili. Aprili kwenu si ni masika? Gari linakwama, maziwa yanakaa. Linganisha na Aprili ya mwaka jana. Na ukirudia mafunzo, usiwaite wote pamoja. Chukua vituo 7 kwanza, vingine visubiri miezi mitatu. La sivyo, Juni na Julai baridi ya Rungwe itapunguza maziwa mabovu yenyewe, na yule mwezeshaji atakuja kuchukua sifa.

---

DadaWaRasilimali

Nimerudi. Asanteni, na FundiMaziwa, swali lako limenitoa kitandani saa kumi usiku.

Jumatano nilikwenda kituo kimoja bila taarifa. Nimefika saa kumi na mbili kasoro, ukungu, mhudumu ana tochi ya simu ameibana kwa shingo. Foleni ya watu kama 20, madumu ya njano. Dada huyu alipata 91 kwenye jaribio, namkumbuka. Nikakaa pembeni kwenye kreti nikahesabu. Madumu 23 yalipokelewa. Yaliyopimwa kwa alkoholi ni 4. Laktomita sikuiona kabisa.

Foleni ilipoisha nikamwambia nionyeshe unavyopima. Wakuu, alipima kama yuko kwenye picha ya kitabuni. Maziwa na alkoholi sawa kwa sawa, akatikisa taratibu, akainamisha mrija kwenye mwanga, akaniambia, "Ukiona chembe chembe zinashika kwenye kioo, hayo rudisha." Basi nikamuuliza mbona hufanyi kwa wote.

Chupa ya alkoholi ni moja kwa mwezi. Ikiisha anaandika barua makao makuu, inakuja baada ya wiki mbili au tatu, kwa hiyo anaibania, anawapima wale anaowashuku tu. Kipimajoto kilivunjika mwaka jana. Laktomita "inadanganya asubuhi", maneno yake, sawasawa na ulivyosema. Semina ilimfundisha ile hesabu ya 0.2, anaijua kichwani, ila hana joto la kuiingiza. Tena siku ya semina maziwa ya mazoezi yaliletwa kutoka kwenye friji ya hoteli, kwa hiyo hata hilo tatizo halikujitokeza.

Halafu akasema kitu kingine, akicheka kwa aibu. Aliyekuwa wa tatu kwenye foleni ni mama yake mdogo. Na kila lita anayopokea ina bonasi ya shilingi 5.

Hiyo bonasi niliipendekeza mimi, mwaka juzi, ili vituo visilale.

---

MwalimuWaJioni

Duh. Basi umemaliza. Swali tunalowauliza wakuu wa idara kabla ya semina yoyote ni hili: huyu mtu angeambiwa afanye sasa hivi, na kila kitu kiko mkononi, angeweza? Akiweza, usimfundishe. Wako anaweza, tena vizuri. Kwa hiyo zile 83 zilikuwa za kweli, ila hazikuwa na pa kwenda.

---

MzeeWaZamu (Mwanza)

Wajukuu zangu, nimesoma kimya kimya. Nimekuwa msimamizi kiwanda cha samaki hadi nikastaafu. Msije mkatupa mafunzo yote kwa sababu ya chupa ya alkoholi. Wahudumu wapya wanakuja kila mwaka na watahitaji kufundishwa. Ila wafundisheni palepale kituoni, mmoja mmoja. Sisi tulikuwa na namna yetu: mwandae, muonyeshe huku ukieleza kwa nini, afanye mwenyewe huku akikueleza wewe, kisha umwache ila urudi kesho kumtazama, na keshokutwa. Niliambiwa ilitoka Marekani wakati wa vita vya pili, viwanda vilipojaa watu wageni na kazi. Nusu saa kwa mtu, bila posho wala kuku.

Huyo dada wa 91 ndiye awe mwalimu wa vituo vya jirani. Na wewe mjukuu wangu, hesabu yako ya 4 kati ya 23 ndiyo tathmini. Rudia kila mwezi, bila taarifa.

---

DadaWaRasilimali

Shikamoo mzee, nimekusikia. Kuku nimemfuta kwenye bajeti.

Ripoti nimeianza jana usiku. Ukurasa wa kwanza nimeandika madumu 23, yaliyopimwa 4, kisha bei ya chupa moja ya alkoholi na vipimajoto 14. Vyote pamoja havifiki hata gharama ya ukumbi wa siku moja. Mafunzo yatafuata kwa mtindo wa mzee, vituo 7 kwanza kama alivyosema Kimani, na Aprili nitailinganisha na Aprili.

Kilichonikwamisha ni ukurasa wa pili, wa bonasi. Nikipendekeza ihesabiwe kwa lita zilizokubaliwa kiwandani badala ya zilizopokelewa kituoni, mhudumu ataumia kwa kosa la dereva aliyekwama matopeni kwa saa nne. FundiMaziwa, huko Tanga mnatenganishaje maziwa yaliyoharibika kituoni na yaliyoharibikia njiani?

---

FundiMaziwa

Chukua sampuli. Gari likifika, dereva na mhudumu wanapima tangi kwa alkoholi pamoja, wanaandika joto na saa, wote wawili wanasaini, na kichupa kidogo kinasafiri kwenye kisanduku cha barafu. Tangi likikatika na kichupa ni kizima, muulize dereva. Vyote viwili vikikatika, rudi kituoni kwako ukakae kwenye kreti.

Ila nunua alkoholi kwanza, dada.