Mjadala: Wayahudi wa Mbale wahudumie watu wao kwanza, au yeyote anayebisha hodi?

Mleta mada, Bungoma

Wakuu, mada hii inawahusu jirani zetu wa ng'ambo ya Malaba, ila nadhani kila mwenye dini itamgusa.

Nje kidogo ya mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, kuna kilima kinaitwa Nabugoye. Hapo ndipo makao ya Abayudaya, Wayahudi Waafrika. Aliyewaanzisha ni Semei Kakungulu, kamanda wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuliteka eneo hilo, kisha wakakosana. Mwaka 1919 alitahiriwa, akaanza kushika Torati yeye na wafuasi wake. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao wengi waliiacha, waliobaki wakasali kwa kujificha. Kampala ilikombolewa na jeshi la Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979, na jioni hiyohiyo Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa inaingia. Watanzania mliomo humu, hilo ni lenu pia.

Leo Abayudaya wanakadiriwa kuwa watu 2,000 hivi. Pamoja na uchache huo wana shule ya msingi ya Hadassah na sekondari yenye jina la Kakungulu, na humo watoto wa Kiislamu na wa Kikristo wanasoma pamoja na wa Kiyahudi. Mwaka 2010 walifungua kituo cha afya cha Tobin mjini Mbale, kinachotibu watu wa dini zote. Sehemu kubwa ya fedha imetoka kwa Wayahudi wa Marekani.

Wapo wanaosema hapo wanakosea: wachache na maskini wajisaidie wao kwanza. Mimi nasema mlango ubaki wazi kwa wote, na kazi ifanywe na wenyeji wenyewe. Karibuni mnipinge.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mkuu, nakupinga mchana kweupe. Hao ni wakulima wadogo. Waislamu na Wakristo wa Mbale ni wengi mno kuliko wao, na wana misikiti, makanisa, hospitali na mashirika yao. Mtoto wa Kiyahudi akirudishwa nyumbani kwa ada, nani atamlipia kama sinagogi imeshatoa kila kitu nje? Hata Talmudi yenyewe, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wao wa kale, inasema maskini wako watangulie wa wengine, na maskini wa mji wako watangulie wa mji mwingine. Aliyechanga Marekani alichanga akijua anawainua Wayahudi wenzake. Ukarimu wa kuwaacha wanao na njaa siuelewi.

Mchangiaji, Mombasa

Assalaam alaykum. Mimi ni Muislamu na swali hili kwetu lina jibu la sehemu mbili. Zaka ina watu wake waliotajwa, na wanazuoni wengi wanaiwekea mipaka ndani ya umma. Sadaka haina mpaka huo, jirani asiye Muislamu anapewa na mtoaji ana thawabu zake. Sioni kwa nini sinagogi ishindwe kutenganisha hivyohivyo.

Ila nina wasiwasi ambao mleta mada hajaugusa. Pwani tumeona misaada inayokuja na masharti ya chinichini: leo unga, kesho mwaliko wa ibada. Hawa nao hawavui watu?

Mleta mada

Dada wa Mombasa, wasiwasi wako ni wa haki. Uyahudi kwa mila yake hautafuti wafuasi. Anayetaka kuingia huwekewa vikwazo kwanza, asome, asubiri, ahojiwe na baraza la marabi. Abayudaya wenyewe walipitia hayo mwaka 2002, marabi kutoka nje walipokuja kuthibitisha uongofu wao. Jirani akitibiwa malaria hapo hana anachodaiwa zaidi ya ada ya matibabu. Siku msaada utakapotumika kama chambo, nitakuwa upande wako.

Ndugu wa Dar, Talmudi umeinukuu vizuri, lakini imo na sehemu nyingine, katika kitabu cha Gittin: maskini wa mataifa walishwe pamoja na maskini wa Israeli, wagonjwa wao watembelewe pamoja na wagonjwa wa Israeli, kwa ajili ya amani. Imesema pamoja. Na ukisema maskini wa mji wako watangulie, Muislamu wa Namanyonyi, hapohapo Mbale, ni wa mji gani kama si huohuo?

Tena chukua kahawa. J.J. Keki, mkulima na mwanamuziki wa Abayudaya, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001, akayaona mashambulizi kwa macho yake. Aliporudi aliwashawishi majirani Waislamu na Wakristo, na mwaka 2004 wakaunda ushirika wa Mirembe Kawomera. Anayeijua arabika ya Mlima Elgon anajua ilivyo na kazi: unachuma tunda jekundu tu, la kijani unaliacha, unayatia kwenye maji ili mabovu yaelee, na unayamenya siku hiyohiyo, maana yakilala na maganda usiku kucha yanachacha. Kisha siku nyingi juani, mtu akiyageuzageuza. Kontena moja la kusafirisha hubeba magunia 320 hivi ya kilo 60. Sidhani familia za Kiyahudi peke yao zingelijaza. Pamoja na majirani walipata mnunuzi California aliyewalipa bei ya biashara ya haki (fair trade), yaani inayomjali mkulima, na sehemu ya pesa hiyo ndiyo ada unayoililia wewe.

Maimonides, mwanazuoni na tabibu aliyefariki mwaka 1204, aliipanga sadaka ngazi nane. Ya juu kabisa ni kumkopesha mtu, kushirikiana naye au kumpa kazi, mpaka asihitaji kuomba. Ushirika ule uko kwenye ngazi hiyo.

Mchangiaji, Kampala

Nyote mnabishana juu ya nani apewe. Mimi nauliza nani anatoa jasho. Afrika Mashariki tumechoka na makundi ya wiki mbili: vijana wanatoka Ulaya na Marekani, wanapaka ukuta rangi, wanapiga picha na watoto, wanaondoka. Fundi wa kijijini yuko pale pembeni anatazama, hana kazi. Wahenga walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa hata jembe wanataka wafundishwe kulishika.

Mleta mada

Hapo hatugombani, ndugu wa Kampala. Daktari anayekuja kumfundisha muuguzi kutumia mashine, au mhasibu anayemwachia katibu wa ushirika vitabu vilivyonyooka, huyo aje. Wa kupaka rangi abaki kwao, nauli yake iletwe imlipe fundi.

Walioifufua jumuiya hii baada ya Amin hawakuwa wageni. Ni vijana wa hapohapo waliokusanyika Nabugoye miaka ya 1980, wakaishi na kulima pamoja kwa mtindo wa kibbutz, yaani kijiji cha ujamaa cha Israeli, bila mshahara. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alisomea Los Angeles, akapata daraja la urabi mwaka 2008, akarudi. Mwaka 2016 jimbo la Bungokho North, hapo Mbale, lilimchagua kuwa mbunge, na wapiga kura wengi wa pale ni Wakristo na Waislamu. Ndugu wa Dar, kundi lililowahi kukatazwa kusali lilipata mtu wake bungeni kwa kura za majirani. Kama lingefunga zahanati na shule kwa watu wake tu, kura hizo zingetoka wapi?

Mchangiaji, Dar es Salaam

Kwenye zahanati nakubali. Mbu hachagui dini, na vyandarua vikienea kijiji kizima hata asiye nacho hupata nafuu. Kwenye ada bado nasimama palepale: mchango unaokusanywa na waumini wenyewe usomeshe watoto wao kwanza.

Mleta mada

Huo wa waumini wenyewe, sawa, baraza lao liamue. Nilichokuwa nakataa ni kufunga mlango wa shule na zahanati.