Msaada wakuu: kamera ya kuchambulia korosho inanipindishia picha, shida ni sensa au taa?

mbanguaji_masasi:
Wakuu habari za mchana, wakubwa shikamooni. Nina karakana ndogo ya kubangua korosho huku Masasi, kina mama sita wanachambua kwa macho, nyeupe nzima huku, zilizoungua kule, vipande pembeni. Ikifika jioni macho yanawauma na zilizoungua zinaanza kupita, mnunuzi akizikuta anashusha gredi ya boksi zima. Kwaiyo nikaamua nijitengenezee mashine, mkanda unatembea nusu mita kwa sekunde, juu nimefunga kamera ya USB ya megapikseli 12, picha zinasomwa na Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja. Mkanda ukisimama picha safi kabisa, hadi kovu dogo kwenye korosho unaliona. Ukianza kutembea tu, korosho zote zinalala upande kama zimepigwa na upepo, zina ukungu, af picha nzima ina mistari ya giza inayopanda polepole. Aliyeniuzia anasema ninunue ya megapikseli 48. Hela niliyonayo ni ya msimu, nikiipoteza nimekwama. Naombeni ushauri.

fundi_lenzi:
Mkuu usinunue hiyo, megapikseli hazitibu ugonjwa huo. Una matatizo matatu yamepandana.

Sensa ni kipande cha silikoni kilichogawanywa vijumba mamilioni, kila pikseli ni kijumba kimoja. Mwanga ukigonga silikoni unang'oa elektroni, zinajaa kwenye kijumba kwa muda wote ambao kamera imefumbua jicho, baadaye zinahesabiwa, zikiwa nyingi panakuwa peupe, zikiwa chache panakuwa peusi. Shida yako iko kwenye kuhesabu. Kamera za simu na hizi za USB nyingi zinahesabu mstari kwa mstari, ni kama siku ya kupima korosho ghalani, mzani mmoja na foleni ndefu, wa mbele kapimwa asubuhi wa nyuma kapimwa jioni. Ikichukua 1/30 ya sekunde kutoka mstari wa juu hadi wa chini, mkanda wako ushasogea karibu milimita 17, ndo maana korosho zinalala.

Ukungu ni muda wa kufumbua jicho. Kwa spidi yako, 1/100 ya sekunde ni milimita 5 za mkanda, kwa korosho ya sentimita 2 na nusu hiyo ni nyingi mno. Ukishusha hadi 1/1000 inabaki nusu milimita, ila mwanga unaoingia unapungua mara kumi, kwaiyo lazima uongeze taa. Na mistari ya giza ni taa yenyewe, umeme wetu ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa ya bei rahisi inafifia mara mbili kila mzunguko, kwaiyo inapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila sensa inaona.

Jaribu hivi kabla hujatoa hata mia: washa LED za volti 12 kwa betri ya gari, ziweke karibu na mkanda, shusha muda hadi 1/1000, kisha laza rula ikatize mkanda upige picha ikiwa inatembea. Utuletee majibu.

dada_maabara:
Naongezea kidogo. Mimi napiga picha za seli kwenye darubini, na adui yetu ni joto. Silikoni ikipata moto inatoa elektroni zenyewe bila mwanga wowote, picha inajaa chenga, na kila joto likipanda nyuzi 6 hadi 8 hivi chenga zinakaribia kuongezeka mara mbili. Kamera ya Rubin, kituo cha kutazama nyota kule Chile, ina sensa 189, jumla megapikseli 3,200, na wanazipoza hadi karibu nyuzi 100 chini ya sifuri ili wapate mwanga wa magalaksi ya mbali. Sasa wewe uko chini ya bati, Masasi, pembeni ya tanuri, mwaka mzima. Weka hata feni.

fundi_lenzi:
Dada uko sahihi kabisa kwa picha za sekunde nyingi, ila yeye anapiga kwa milisekunde moja, joto halipati muda wa kuharibu. Feni aweke, lakini hela ya kwanza iende kwenye taa.

kahawa_mbinga:
Mkuu, mashine kubwa za kuchambua kahawa zinatumia sensa yenye mstari mmoja tu wa pikseli, punje zikipita chini yake picha inajengeka mstari baada ya mstari, kisha hewa inapuliza mbovu nje. Ni ghali, kwa karakana yako usianzie huko.

Mimi nakusisitizia rangi. Pikseli yenyewe haioni rangi, juu ya kila moja kuna kichujio cha rangi moja, nusu ya pikseli kijani, robo nyekundu, robo bluu, rangi mbili zilizobaki kamera inakisia kutoka kwa majirani. Kwaiyo zima auto zote, ya mwanga na ya rangi, la sivyo zikipita korosho nyingi zilizoungua kamera inajirekebisha yenyewe na inakuonyesha nyeupe. Hilo liliniumiza mwezi mzima. Bandika kipande cha karatasi nyeupe pembeni ya mkanda kionekane kila picha, kikibadilika rangi ujue ni kamera, sio korosho.

mbanguaji_masasi:
Wakuu nimerudi. Betri na LED tayari, muda 1/1000, auto zote nimezima. Mistari ya giza imeisha yote!! Ukungu umepungua sana, lile kovu sasa naliona hata mkanda ukitembea. Rula ndo bado imelala, ncha ya juu na ya chini zimepishana milimita 15.

fundi_lenzi:
Milimita 15 kwa nusu mita kwa sekunde ni milisekunde 30, huo ndo muda wa sensa yako kusoma mistari yote, na hakuna setingi ya kuuondoa. Hapo tafuta Raspberry Pi Global Shutter Camera, pikseli zote zinafunga kwa mpigo mmoja. Ilitoka 2023 kwa dola 50, lenzi unanunua peke yake. Ni megapikseli 1.6 tu ila usiogope, picha yake ina pikseli 1,456 kwa upana, ukizigawa kwenye sentimita 20 za mkanda kila korosho inapata pikseli kama 180 kwa urefu. Mkanda wako una upana gani?

mbanguaji_masasi:
Sentimita 18 mkuu. Naagiza leo.